Mwalimu tarajali na chama cha walimu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Kigoma na Tabora

Majibu haya ni ya wanachuo wa ualimu wanaosoma Kasulu, Kabanga, Ndala na Tabora mjini, pamoja na wa vyuo vikuu wanaopangiwa shule za mikoa hii miwili kwa mafunzo kwa vitendo, yaani BTP. Maswali yamepewa namba. Jibu likikuelekeza kwenye namba nyingine, nenda huko, maelezo hayajarudiwa.

## Mambo ya msingi

1. Mwanachuo wa ualimu anaweza kuwa mwanachama wa chama cha walimu?

Uanachama kamili unaanza na ajira. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 kinampa mfanyakazi haki ya kuanzisha chama, kujiunga nacho na kushiriki shughuli zake halali. Mwanachuo bado hana mkataba wa ajira, hana mshahara wa kukatwa ada, wala hana mwajiri ambaye chama kinaweza kukaa naye mezani kwa niaba yake. Kupiga kura, kugombea uongozi na kutetewa na chama mbele ya mwajiri kunakuja ukishaajiriwa na kujaza fomu (swali la 16).

Hiyo isikufanye ukae mbali na chama mpaka siku hiyo. Makosa mengi yanayowaumiza walimu wapya katika mwaka wa kwanza wa kazi yana mizizi chuoni: kutotunza nakala, kutojua nani ana mamlaka gani, kuogopa kuuliza.

2. Kama mimi si mwanachama, ofisi ya chama itanisaidia nini?

Ushauri. Katibu wa chama wa wilaya anaweza kukusomea barua uliyopewa na kukueleza ina maana gani, akakwambia malalamiko yako yanapaswa kuanzia ofisi ipi, na kukutahadharisha pale unapotaka kuruka ngazi. Anawafahamu wakuu wa shule na maofisa elimu wa wilaya yake, na mara nyingi simu yake moja ya kistaarabu humaliza jambo ambalo barua tatu zisingelimaliza.

Asichoweza kukufanyia ni kukuwakilisha rasmi kwenye kikao cha nidhamu cha chuo kana kwamba wewe ni mwanachama, au kukulipia wakili. Ukienda ukijua mpaka huo, hutarudi umevunjika moyo.

3. Ninampata wapi mtu wa chama?

Anzia shule uliyopangiwa. Chama cha Walimu Tanzania (CWT), kilichoanzishwa mwaka 1993, kina mwakilishi mahali pa kazi, yaani mwalimu wa shule hiyohiyo aliyechaguliwa na wenzake. Muulize mwalimu yeyote, "Mwakilishi wa chama hapa ni nani?" Hilo ni swali la kawaida, wala halimuudhi mkuu wa shule. Juu ya mwakilishi kuna ofisi ya wilaya yenye mwenyekiti na katibu, kisha ofisi ya mkoa, ambazo kwa huku ziko Kigoma mjini na Tabora mjini. Mwanachuo wa kike anaweza pia kuomba kuunganishwa na Kitengo cha Walimu Wanawake cha wilaya, hasa kwa mambo ya swali la 12.

CWT si chama pekee. Kipo pia CHAKUHAWATA, chama kingine cha kutetea haki za walimu, na katika baadhi ya shule utakuta walimu wa vyama vyote viwili. Ukiwa BTP usijiingize kwenye mabishano yao. Sikiliza kila upande, uamuzi utaufanya ukishaajiriwa.

4. Serikali ya wanachuo, chuo, Tume ya Utumishi wa Walimu, chama: nani anahusika na nini?

Ada, chakula, mabweni, matokeo na nidhamu ya chuoni ni mambo ya chuo. Mlango wake ni mwalimu mlezi, kisha ofisi ya mshauri wa wanachuo, kisha mkuu wa chuo, na serikali ya wanachuo inatembea nawe. Mambo ya shule ya BTP yanaanzia kwa mwalimu mwenyeji wa somo, yanakwenda kwa mwalimu wa taaluma, halafu kwa mwalimu mkuu au mkuu wa shule. Sambamba na hapo, mratibu wa BTP chuoni lazima ajue.

Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 25 ya 2015, inashughulikia walimu walioajiriwa katika shule za umma: usajili, kuthibitishwa, kupanda daraja, nidhamu. Kwa mwanachuo haina kazi bado. Wanachuo wengi hupeleka malalamiko ya BTP huko, hupokelewa vizuri, kisha huambiwa warudi chuoni, na wiki mbili zimeshapotea.

## Ukiwa BTP

5. Nihakikishe nina nini mkononi kabla ya kuripoti shuleni?

Barua ya utambulisho kutoka chuoni yenye jina lako, shule, masomo, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Kama imepitia kwa mkurugenzi wa halmashauri au ofisa elimu, hakikisha muhuri unasomeka. Toa nakala tatu: moja ya shule, moja ya ofisi ya elimu kata, moja ubaki nayo. Ongeza namba ya simu ya mratibu wa BTP, kadi ya bima, kitambulisho cha chuo, muhtasari wa somo na fomu za tathmini.

Siku ya kwanza omba mambo mawili yaandikwe: jina la mwalimu mwenyeji wako na ratiba ya vipindi vyako. Ratiba hiyo ndiyo ushahidi wako ikitokea hali ya swali la 6.

Saini kitabu cha mahudhurio kila siku, ukifika na ukiondoka. Usimwachie mwenzako akusainie hata siku moja.

6. Nimepewa vipindi vyote vya somo, mwalimu mwenyeji haonekani tena darasani. Nifanye nini?

Hili ndilo lalamiko linalotoka shule nyingi zaidi, na chanzo chake kinaeleweka: shule ina walimu wachache, BTP inapofika mwalimu anaona amepata pumziko. Kumwelewa ni jambo jema, lakini kukubali hali hiyo kimyakimya ni jambo jingine. Uko pale ujifunze kufundisha chini ya jicho la mtu aliyekutangulia. Mwalimu mwenyeji asipokaa nyuma ya darasa, hakuna anayekuonyesha kwamba unaandika ubaoni ukiwapa wanafunzi mgongo kwa dakika nane, au kwamba watoto wa darasa la kwanza wa kijiji cha Buhigwe wanaitikia "ndiyo mwalimu" wakati nusu yao bado wanawaza kwa Kiha na hawajashika ulichosema. Na likitokea jambo, mtoto ameanguka au wawili wamepigana, utajikuta mtu mzima pekee uliyekuwapo, usiye mtumishi wa shule ile.

Anza kwa mazungumzo. Mwendee mwalimu mwenyeji na andalio la somo mkononi, umwambie, "Mwalimu, shikamoo. Naomba kesho ukae nami kipindi cha pili, nina mashaka na hatua ya tatu." Ombi la kusaidiwa hufungua mlango ambao lawama ingeufunga. Isiposaidia, mweleze mwalimu wa taaluma na umwonyeshe ratiba uliyopewa siku ya kwanza pamoja na idadi ya vipindi unavyofundisha sasa. Kama chuo kimeweka ukomo wa vipindi kwa wiki katika mwongozo wa BTP, ubebe ukurasa huo.

Wakati huohuo andika kumbukumbu fupi kila siku kwenye daftari lako. Iwe hivi: "Jumatatu 14/7. Kipindi cha 1 hadi cha 6, darasa la IV A na B kwa pamoja, wanafunzi 112. Mwalimu wa darasa hayupo, hakuna aliyewekwa badala yake. Nimemwambia mwalimu wa taaluma saa 4:10 asubuhi." Usiandike hasira, wala usikisie sababu. Wiki moja ikipita bila mabadiliko, mpigie mratibu wa BTP na umtumie ujumbe wa maandishi wenye maelezo hayohayo. Mwakilishi wa chama hapo shuleni naye anasaidia sana hapa, kwa sababu anaweza kumkumbusha mwenzake kwa lugha ya ualimu bila kuifanya kesi.

Usigome kuingia darasani. Watoto hawana kosa, na mtoro kwenye kumbukumbu za shule utakuwa wewe.

7. Wiki zimebaki chache na mkufunzi wa tathmini hajafika. Nitafeli?

Usingoje wiki ya mwisho. Ikifika katikati ya muda wako hujatathminiwa hata mara moja, mwandikie mratibu wa BTP ukitaja shule, kata, wilaya, masomo, ratiba ya vipindi na namba ya simu inayopatikana. Shule za mwambao wa ziwa na za ndani huko Kaliua, Sikonge au Uvinza hurukwa kwa sababu ya ugumu wa njia, na mkufunzi akijua ratiba mapema anaweza kuunganisha shule mbili za njia moja. Taja na siku za mitihani ya shule: amefika mkufunzi, akakuta wanafunzi wanafanya mtihani wa mwezi, na safari yote imekwenda bure.

Andaa maandalio ya somo, azimio la kazi na shajara la somo kila siku kana kwamba atafika leo. Anayefika bila taarifa humkuta mwalimu mwenye andalio la juzi.

8. Tunaambiwa tuchange nauli na chakula cha mkufunzi anayekuja kutathmini.

Msichange. Safari ya mkufunzi hulipiwa na chuo. Kumpa chai shule ikiwa imepika chai ni ukarimu wa kawaida. Kukusanya shilingi elfu kumi kila mmoja na kumpa aliyeshika fomu ya alama ni rushwa, na anayetoa ana kosa sawa na anayepokea. Mara nyingi mkufunzi mwenyewe hajaomba chochote, aliyeanzisha ni kiongozi wa kundi anayetaka kujipendekeza. Mwambieni hapana, kwa pamoja. Kama ombi limetoka kwa mkufunzi, hifadhini ujumbe na mumwone mkuu wa chuo au TAKUKURU, simu ya bure namba 113.

9. Shule niliyopangiwa ni ngumu kufikika. Naweza kuikataa?

Unaweza kuomba kubadilishiwa, ila huwezi kutokwenda tu. Sababu zinazosikilizwa ni ugonjwa wenye cheti cha daktari, ulemavu, ujauzito, kunyonyesha, au shule kutokuwa na somo lako. "Mbali" peke yake haitoshi, kwa kuwa Kigoma na Tabora zina shule nyingi za mbali na watoto wa huko nao wanahitaji walimu. Omba mapema, kabla barua hazijasambazwa.

Ukipangiwa mwambao wa kaskazini wa Kigoma, utasafiri kwa boti kutoka Kibirizi. Uliza siku za boti, fika mapema, usipande chombo kilichojaa kupita kiasi, na dai jaketi la kuokolea kabla ya kuondoka ufukweni. Ziwa likichafuka, ahirisha safari na umtumie mkuu wa shule ujumbe, maana mwenyeji wa mwambao ataelewa. Kwa shule za kando ya reli, kama za upande wa Nguruka, weka akiba ya siku moja ya safari. Na kila mahali, ulizia chumba kabla ya kufika. Mwenyekiti wa kijiji na mwalimu mkuu kwa kawaida wanajua nyumba yenye mlango unaofungwa na choo cha karibu.

10. Fedha za mafunzo kwa vitendo hazijaingia.

Kwa wanufaika wa Bodi ya Mikopo: kagua kama umesaini malipo, kama akaunti yako ya benki iko hai, na kama jina lako lililoko benki linafanana herufi kwa herufi na lililoko chuoni. Sababu hizi tatu hukwamisha malipo mengi kuliko inavyodhaniwa. Kisha muone ofisa mikopo wa chuo. Serikali ya wanachuo ndiyo yenye sauti hapa, hasa kundi zima likikosa. Chama cha walimu hakina mkono kwenye malipo haya.

11. Nikiugua au kuumia shuleni?

Tibiwa kwanza, kwa kadi yako ya bima. Kisha mwambie mkuu wa shule siku hiyohiyo aandike tukio kwenye kitabu cha matukio, na umpe mratibu wa BTP taarifa. Tunza karatasi za matibabu na stakabadhi. Ukikosa shule zaidi ya siku chache, omba chuo kwa maandishi wakufidie muda, maana wiki zisizotimia ndizo zinazoharibu matokeo. Jeraha likitokana na kupigwa au ajali ya barabarani, pitia polisi uchukue PF3, fomu ya polisi ya kupeleka hospitali.

## Usalama, heshima na nidhamu

12. Mwalimu, mkuu au mkufunzi ananitaka kimapenzi na ananitishia kunifelisha.

Hilo ni kosa la jinai, na lawama si yako. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa Na. 11 ya 2007 kinamtia hatiani mtu mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la kutoa huduma, nafasi au upendeleo wowote.

Usifute ujumbe wala historia ya simu. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba na tarehe, umtumie mtu mmoja unayemwamini ili isipotee simu ikiibiwa. Kataa kwa maneno mafupi yaliyo wazi, ikiwezekana kwa maandishi. Usikubali kuitwa "kujadili alama" nyumba ya wageni au nyumbani kwake. Alama hujadiliwa ofisini mchana, mlango wazi, ukiwa na mwenzako.

Kisha toa taarifa TAKUKURU (113), au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi kama umeguswa, umetishwa au umeshambuliwa. Ukiwa umebakwa, nenda kituo cha afya mapema, ndani ya saa 72 ili dawa za kuzuia maambukizi ya VVU ziweze kukusaidia, na usifue nguo. Mwambie mratibu wa BTP, na omba kuhamishwa shule kama usalama wako unahitaji hivyo. Kitengo cha Walimu Wanawake hakina mamlaka ya kumshitaki mtu, ila kina akina mama waliokwishasindikiza wenzao kwenye ofisi hizi. Kutokwenda peke yako ni msaada mkubwa. Wavulana pia hufanyiwa haya, na njia ni zilezile.

13. Naweza kumchapa mwanafunzi?

Hapana. Kanuni za Adhabu ya Viboko za 2002 zinampa mkuu wa shule mamlaka hayo, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Viboko havizidi vinne, msichana huchapwa na mwalimu wa kike isipokuwa shule haina hata mmoja, na kila adhabu huandikwa kwenye kitabu maalumu. Mwanachuo hayumo katika mpangilio huo. Mwalimu wa zamu akikupa fimbo na kukwambia "nisaidie hao wachelewaji", mjibu kwa adabu kwamba chuo hakikuruhusu.

Mwaka 2016 video ya walimu wanachuo wakimpiga mwanafunzi wa sekondari mjini Mbeya ilienea nchi nzima. Waliohusika waliondolewa vyuoni. Masomo ya miaka yalikwisha kwa dakika chache za hasira.

Kuhusu mapenzi na mwanafunzi, hakuna mazingira yanayoruhusu. Kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari ni kifungo cha miaka 30 tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, na hilo halipungui kwa sababu wewe una miaka 21 na yeye 18.

14. Nimetuhumiwa. Nimeitwa kwenye kikao kesho asubuhi.

Omba tuhuma kwa maandishi: ulifanya nini, lini, wapi, kinyume cha kanuni ipi. Omba muda wa kujibu. Kikao cha haraka namna hiyo kinaweza kuahirishwa ukiomba kwa barua yenye heshima, na ukikataliwa, barua hiyo itakusaidia kwenye rufaa. Usisaini maelezo usiyoyasoma, na ukisaini, chukua nakala. Orodhesha mashahidi kwa majina. Ingia na mwakilishi wa serikali ya wanachuo, na kama kikao kikiruhusu, mwakilishi wa chama akae kama mshauri. Uamuzi ukitoka, uombe kwa barua, ukiwa na sababu na maelezo ya pa kukata rufaa.

Kama suala limefika polisi, acha mambo ya chuo kwanza. Una haki ya kumjulisha ndugu na kupata wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imetambua wasaidizi wa kisheria, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri itakuelekeza kwao.

15. Naweza kuweka picha za darasa langu mtandaoni?

Sura za watoto, hapana, mpaka mkuu wa shule na wazazi waruhusu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahusu picha pia. Na malalamiko dhidi ya shule usiyapeleke kwenye kundi la WhatsApp la wanachuo 200. Kabla jioni haijaingia yatakuwa kwa mkuu wa shule, yakiwa yameongezwa chumvi.

## Kutoka chuoni kwenda kazini

16. Nikiajiriwa, najiungaje, na ada ni kiasi gani?

Unajaza fomu ya TUF 6, ambayo ni idhini yako kwa mwajiri akate ada kwenye mshahara. Inapatikana kwa mwakilishi wa shule au ofisi ya wilaya ya chama. Ada ya CWT ni asilimia 2 ya mshahara. Jaza wewe mwenyewe, soma jina la chama lililoandikwa juu, tunza nakala. Imetokea walimu wapya kusainishwa fomu siku ya kuripoti, katikati ya rundo la karatasi, wakadhani ni ya benki.

Ukitaka kujitoa, kifungu cha 61 cha sheria iliyotajwa swali la 1 kinakupa haki hiyo: barua ya notisi ya mwezi mmoja, kwa mwajiri na kwa chama, zote zigongwe muhuri wa kupokelewa.

17. Makato ya mshahara wa kwanza yatakuwaje?

Tuchukue mshahara wa msingi wa shilingi 700,000, kwa ajili ya hesabu tu. PSSSF, yaani mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, asilimia 5 ni 35,000. Bima ya afya asilimia 3 ni 21,000. Mkopo wa elimu ya juu asilimia 15, kama ulikopa, ni 105,000. Ada ya chama asilimia 2 ni 14,000. Kodi hukokotolewa baada ya kutoa PSSSF, yaani kwenye 665,000: ni 20,000 pamoja na asilimia 20 ya kinachozidi 520,000, jumla 49,000. Makato yote ni 224,000, unabaki na 476,000. Fanya hesabu hii kabla mtu wa mikopo ya haraka hajakufuata kwenye lango la halmashauri.

18. Sijajaza fomu yoyote na bado nakatwa ada. Ni halali?

Inawezekana. Kifungu cha 72 cha sheria hiyohiyo ya swali la 1 kinaruhusu chama chenye wanachama wengi zaidi kukubaliana na mwajiri kwamba wasio wanachama nao wachangie ada ya uwakala, kwa kuwa nao wananufaika na majadiliano. Haiwezi kuzidi ada ya mwanachama, na haikufanyi kuwa mwanachama. Kama hati yako ya mshahara inaonyesha chama ambacho hakina makubaliano hayo na hukujaza TUF 6, mwandikie ofisa utumishi, ukiambatisha hati za miezi yote uliyokatwa.

19. Nimepata kazi shule binafsi, hakuna mkataba.

Dai maelezo ya ajira kwa maandishi, sheria inamtaka mwajiri akupe: kazi, tarehe ya kuanza, mahali, saa, mshahara. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki. Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ina kipengele chake kwa shule binafsi, na mwajiri anapaswa kukuandikisha NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa sekta binafsi. Kagua michango kwa namba yako mwenyewe, kwa sababu kukatwa kwenye mshahara si uthibitisho kwamba fedha imefika.

Ukiachishwa isivyo haki, una siku 30 kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) kwa Fomu Na. 1, migogoro mingine, siku 60. Mpe mwajiri nakala na utunze uthibitisho wa kupokea. Siku hizi hazisubiri ahadi za "njoo Jumatatu". Wenye ajira iliyo chini ya miezi sita hawawezi kudai kuachishwa isivyo haki, ila mshahara waliofanyia kazi wanaudai. Unaweza kujiunga na chama ukiwa shule binafsi.

20. Najitolea shule ya kijiji, wazazi wananichangia. Mimi ni mfanyakazi?

Omba barua ya kamati ya shule inayotaja kiasi, nani analipa na lini, pamoja na barua ya utambuzi kutoka kwa mwalimu mkuu. Barua hizo ndizo zitakazoeleza uhusiano wenu ukoje. Unapoomba ajira ya serikali kupitia Sekretarieti ya Ajira, zitaonyesha pia uzoefu wako. Usikusanye michango ya wazazi kwa mkono wako, mwachie mhasibu wa kamati.

## Hali zisizo za kawaida

21. Walimu wa shule yangu wakigoma nikiwa BTP?

Haki ya kugoma ni ya wafanyakazi, baada ya hatua za kisheria kukamilika. Mgomo wa walimu ulioanza 30 Julai 2012 ulisimamishwa na Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, siku chache baadaye, kwa hiyo hata kwa wenye haki hiyo njia ni nyembamba. Wewe saini mahudhurio, mpigie mratibu, na ufuate maelekezo ya chuo. Usitangaze mshikamano, na usikubali kuachiwa shule nzima uwe mbadala wa walimu 20. La pili ni baya zaidi, kwako na kwa watoto.

22. Mimi ni mwalimu kazini, nimekuja kusoma stashahada. Majibu haya yananihusu?

Wewe bado ni mwanachama, makato yanaendelea na chama kinakuwakilisha kwa mwajiri kikamilifu. Jambo la kulinda ni ruhusa ya masomo: iwe kwa maandishi, itaje tarehe, na mkurugenzi awe amesaini. Kutokuwepo kazini siku tano bila ruhusa ni utoro unaoweza kukufukuzisha, na ruhusa ya mdomo ya mkuu aliyekwishahama shule haitakuokoa. Kozi ikiongezwa muda, omba nyongeza kabla ya tarehe ya kwanza kuisha.

Na ukipata mgogoro wa ajira kama mtumishi wa umma, usikimbilie CMA. Tangu 2016 Sheria ya Utumishi wa Umma inakutaka umalize kwanza njia za rufaa za ndani ya utumishi. Anzia kwa katibu wa chama wa wilaya ya shule yako, wala si ya chuo unakosoma.